Tangazo Nyuma ya Mlango

Kanuni ya saba naijua kwa ghibu,
sikusomea sheria, niliichapa tu mara nyingi:
*Ardhi ya umma haitauzwa
mpaka tangazo libandikwe siku ishirini na moja
mahali panapoonekana na wananchi.*

Haisemi mlangoni.
Haisemi upande gani wa mlango.

Bwana Mwaipaja alinikabidhi karatasi asubuhi,
wino bado unanuka,
akanionyesha kwa kidole chenye pete:
"Pale, Sikudhani. Nyuma ya mlango wa masijala.
Na mlango uache wazi, watu wapate hewa."

Nikapika gundi ya unga, nzito, kama ya msibani uji.
Nikabandika.
Mlango ukafunguka mpaka mwisho wake,
karatasi ikagusana uso na ukuta,
ikasomwa na chokaa.

Jioni nikifunga ndipo inajitokeza,
mbele ya viti vitupu na ndoo ya deki.
Kisha nasaini daftari:
siku ya kwanza, limeonekana.
Siku ya tisa, limeonekana.
Sikusema uongo. Mimi nililiona.

Wahenga walituachia: mali bila daftari
huisha bila habari.
Hawakufika Temeke, hawakujua
kwamba hata yenye daftari huisha,
habari ikiwa imegeuzwa ukutani.

Mthamini alikwisha pita Yombo na futi yake ya kamba.
Akaandika: mti, mmoja. Nyasi, hakuna.
Magoli mawili ya mabomba hakuyahesabu,
si maendelezo ya kudumu.
Mita moja ya mraba ikatoka
kwa bei isiyofika doti ya kitenge,
na lori lilikuwa limeshamwaga kokoto
pale anaposimama golikipa.

Siku ya kumi na nane mvua ilikuja kwa ubavu,
ikaingia masijala bila namba ya foleni.
Iko kanuni nyingine, ya arobaini, hakuna anayeikumbuka:
*Majalada yalindwe yasipatwe na maji.*
Nikaufunga mlango.

Ndani walikuwa watu kumi na mmoja
na mtoto wa darasa la pili,
wale wanaosoma kila kitu, hata USITEME MATE.
Akaanza, kidole hewani:
"Ki-wa-nja na-mba mia mo-ja na nne,
Ki-ta-lu D, Yo-mbo..."
Akanyamaza. Akamtazama mama yake.
"Mama, si kwetu kwa mpira?"

Mvua iliendelea juu ya bati,
lakini nilisikia kiti kikisogea, kisha kingine.
Aliyefuata leseni ya genge aliisahau leseni.
Bi Chausiku wa mihogo akaniuliza,
taratibu, kama anayeuliza bei:
"Binti, pingamizi huandikwa kwa kalamu ya rangi gani?"

Yoyote, nikamwambia.
Nikawapa migongo ya fomu zilizoharibika.
Nikagonga muhuri mara kumi na moja, na tarehe.

"Nani kafunga mlango?"
"Mvua, Bwana. Na kanuni ya arobaini."
Akajaribu kulibandua kwa ukucha wa kidole kile cha pete.
Gundi yangu ikamkatalia.

Basi kesho yake akaita seremala:
mlango una kasoro ya bawaba, uondoke, utengenezwe.
Dotto akaung'oa, akaulaza kwenye mkokoteni
kwa upande uliokuwa laini,
karatasi ikatazama mbingu,
akausukuma kupitia Tandika sokoni,
mbele ya wauza dagaa, mafundi cherehani,
vijana wa bodaboda wasio na abiria.

Leo siku ya ishirini umeegemezwa barabarani,
nje ya karakana yake, anangoja bawaba.
Watu wamejipanga kuusoma.
Sijui kiwanja kitauzwa au hakitauzwa;
hilo lina kamati yake, na posho yake.

Mimi nimesaini daftari.
Limeonekana.